Popote Tu, Wanangu

Binti yangu anaishi Ulaya, mdogo wake wa kiume yuko Dar es Salaam, na mimi niko Katesh na duka langu la mablanketi. Tunaonana kwenye simu. Kuna kikundi cha familia alichokifungua marehemu baba yao, akakiita Nyumbani, na tangu afariki hakuna aliyethubutu kumtoa mle. Picha yake bado ipo, kavaa kaunda suti ya kijivu, anatuangalia tunavyosalimiana.

Mwaka jana, mwezi wa tano, binti aliandika: "Mama, tunakuja likizo na watoto. Tunataka tukupeleke safari nzuri, upumzike. Chagua mwenyewe twende wapi."

Jamani, nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniangalia. Safari! Mimi safari ninayoijua ni ya kwenda mahali kwa sababu. Unakwenda Singida kuchukua mzigo, unakwenda Kondoa kwenye msiba wa kaka yako, unamaliza kilichokupeleka, unarudi. Hii ya kuamua kwanza kwamba unasafiri, halafu ndipo utafute pa kwenda, sikuwahi kuisikia ikinihusu.

Lakini nilichotaka nilikijua vizuri sana. Nilitaka waje Katesh, walale kwenye nyumba waliyokulia, wiki moja tu, wasifanye chochote. Wajukuu wavue viatu mlangoni wavitupe huku na huku niwagombeze. Binti alale mpaka saa nne asubuhi. Mwanangu aje jikoni adokoe nyama kwenye sufuria nimfukuze na mwiko. Baba yao alikuwa na miaka miwili kaburini, na kwa miaka hiyo miwili hakuna mtu aliyelala kwenye nyumba ile zaidi yangu. Basi nikaandika: "Popote tu, wanangu."

Msinicheke. Huku kwetu mtu mwenye adabu hajibu namna nyingine. Nina mteja wangu wa siku nyingi, mama wa Kidatoga kutoka Balangdalalu, kila akija mnadani lazima apite dukani. Namwambia karibu chai. Anasema hapana, nimekunywa. Namwambia kidogo tu. Anasema nimeshiba kabisa, mama, usihangaike. Namwambia basi hata nusu kikombe. Haya, kama ni nusu. Anakunywa vikombe vitatu na mkate juu. Ukikubali mara ya kwanza unaonekana umekuja na njaa yako, na mwenyeji asipokulazimisha anaonekana mchoyo. Kwa hiyo "popote tu" maana yake siyo popote. Maana yake ni: niulize tena.

Hawakuniuliza tena. Binti aliweka dole gumba, mdogo wake akaweka dole gumba, mimi nikabaki nayaangalia yale madole mpaka simu ikazima mwanga.

Basi ligi ikaanza. Mwanangu alitaka Zanzibar, eti amechoka na foleni. Dada yake akamwambia foleni na Zanzibar wapi na wapi, watoto wameiona Serengeti kwenye televisheni na hawasikii kitu kingine. Zikaja picha za vitanda vya vyandarua vyeupe, picha za tembo, picha za mtu anakula chakula cha asubuhi kichakani amevaa kofia. Tarangire ikatajwa, Mikumi ikatajwa. Mimi kila picha nikasema nzuri sana, hongereni.

Na mimi nikajaribu, kwa njia yangu. Asubuhi moja mlima Hanang ulitoka bila wingu hata moja, nikaupiga picha nikawatumia: "Mlima leo umejitokeza." Wakasema safi sana mama. Nikasikia ndege wale wekundu wamejaa Ziwa Balangida, nikawaandikia. Wakasema waoo. Mwisho nikapaka rangi chumba cha watoto, bluu hafifu, nikapiga picha nikaandika: "Chumba chenu hiki." Binti akajibu upesi: "Mama, usijisumbue jamani! Umri huo unapanda ngazi kupaka rangi?" Nikajisemea, huyu mtoto baridi ya huko imemwingia kichwani au vipi?

Mama wa Balangdalalu alipokuja nikamweleza kwamba wanangu wanatafuta pa kwenda kutalii.

"Kuangalia nini?" akauliza.

"Simba."

"Simba wa nani?"

"Wa serikali."

Alicheka huyo, akashika kaunta. "Sisi simba akija tunampigia kelele aende zake. Wao wanatoa hela ili aje?" Kisha akafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya shuka lake, akauliza, "Na wewe wanakuja kukuangalia lini?" Hakuwa na nia mbaya, ni mtani wangu. Nikageuka nikaanza kupanga mablanketi ambayo nilikuwa nimeshayapanga asubuhi.

Halafu siku moja, mchana, binti akaandika kwa herufi kubwa kwamba wamepata. Hawaendi Serengeti wala Zanzibar. Wanakwenda Yaeda Chini. Kuna kambi ya mahema huko, watalii hawajai, watoto watatembea porini na Wahadzabe, wataona namna wanavyotafuta asali.

Yaeda Chini! Moyo ulinidunda kama msichana. Yaeda Chini ni Mbulu, na Mbulu na sisi Hanang ni majirani kabisa. Mtu atoke Ulaya mpaka Yaeda Chini asifike Katesh? Hiyo si sawa na mtu kuingia uani kwako akachota maji akaondoka? Nikasema kumbe wanangu walinielewa. Wamezunguka tu kama mimi nilivyozunguka, ni damu yangu. Nikanunua magodoro mawili mapya. Nikamwagiza mama wa Balangdalalu aniwekee mbuzi mnono. Nikatangaza kwa majirani, nikatangaza msikitini kwa akina mama wenzangu, nikawa natembea sokoni kama mtu mwenye harusi.

Wiki iliyofuata ikaja ratiba. Uwanja wa ndege, Karatu, Mbulu, Yaeda Chini, kisha Ngorongoro, kisha uwanja wa ndege. Niliisoma nikiitafuta Katesh. Nikavaa miwani nikaisoma upya. Nikaandika "Na nyumbani je?" nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Nadhani huko kwao walikuwa wanaona kwamba mama anaandika, mama anaandika, maana binti akapiga.

"Mama, siku zimekuwa chache, na watoto gari linawachosha. Tumeona wewe utukute Mbulu mjini, tukuchukue, twende wote. Sawa?"

"Sawa, mwanangu."

"Kweli mama? Haina shida?"

"Haina shida kabisa."

Hiyo ilikuwa mara ya pili. Nilikaa na simu sikioni nikisubiri ya tatu, na mdomoni nilishaandaa la kusema. Akasema nakupenda mama, usiku mwema, akakata. Nililia siku hiyo kwa hasira, si kwa huzuni, na sikujua hasira ile nimuelekezee nani.

Mbuzi nikasema abaki kwanza huko huko Balangdalalu.

Siku ilipofika nikapanda basi kupitia Dareda, tukapanda mlima hadi Dongobesh, hadi Mbulu, mimi na kikapu changu cha samli na vitumbua na kuku wa kukaanga. Gari lao lilikuwa refu, la kijani, limeandikwa Kiingereza ubavuni. Wajukuu wakashuka wakasimama bega kwa bega, wakasema "Shikamoo bibi" kwa pamoja kama wako darasani. Marahaba zangu hazikutoka vizuri. Niliwakumbatia nikalia pale pale mbele za watu, wala sikuona haya. Binti amenenepa kidogo, amependeza. Mwanangu ameanza mvi, mtoto mdogo vile.

Tulipoanza kupanda gari mwanangu akasema, "Mama akae mbele, ndipo anaona vizuri." Wote wakaitikia, mbele, mbele, mama mbele. Nikapewa mkono nikapandishwa, nikafungwa mkanda. Ndiyo heshima, na mimi ndiye niliyewafundisha. Lakini kukaa mbele ni kuwapa mgongo. Njia nzima ya kushuka bondeni, na ile si njia jamani, ni mawe yamekubaliana, nilikuwa nawasikia nyuma yangu wanacheka kwa Kiingereza na kupokezana vitumbua vyangu. Nikijaribu kugeuza shingo, shimo linanirudisha. Tulivyofika Yaeda Chini nilikuwa najua habari zote za dereva: mkewe, mama mkwe wake, shamba lake la vitunguu saumu lililoharibiwa na mvua. Za binti yangu sikuwa nimesikia hata moja.

Na kule nako hivyo hivyo. Asubuhi tunatembea na Wahadzabe, kiongozi anaeleza kwa Kiingereza, watoto wanauliza maswali kwa Kiingereza, mimi natabasamu. Mchana joto, kila mtu na kivuli chake. Siku ya pili tulimkuta bibi mmoja anachimba mizizi kwa mti uliochongwa ncha, wajukuu zake wamechuchumaa wamemzunguka, akitoa mzizi mmoja wanamnyang'anya wanautafuna hapo hapo na udongo wake. Mmoja kamlalia mgongoni kabisa, na bibi anachimba tu. Wangu wakapiga picha. Wa kike akaniuliza, "Bibi, na wewe unajua kuchimba?" Nikamwambia najua viazi. Yule bibi nilimwonea wivu, nasema ukweli wa Mungu, nilimwonea wivu mpaka nikaangalia pembeni.

Mahema sasa. Tulipowasili binti alinishika mkono akasema, "Mama, tumekuchukulia hema lako peke yako. Lile la mwisho kule, ndilo zuri kuliko yote, kuna utulivu." Yeye na watoto wake walikuwa hema la karibu na pa kulia chakula, mwanangu la pili yake. Langu ilibidi usindikizwe na mlinzi mwenye tochi, kwa sababu ya wanyama. Kitanda kikubwa, watu wanne wangelala. Taulo wamelikunja likawa umbo la ndege. Nililikunjua mara moja, sikutaka liniangalie.

Usiku wa kwanza nilisindikizwa nikaenda. Wa pili vilevile. Wa tatu ulikuwa wa mwisho, kesho yake wanishushe Mbulu nipande basi langu, wao waendelee Ngorongoro. Tulimaliza kula mapema, watoto wanasinzia mezani. Binti akanibusu shavuni: "Kapumzike, mama. Umechoka." Sikuwa nimechoka. Nimekaa tu siku tatu, kwenye kiti cha mbele na kwenye viti vya turubai, nitachokaje?

Mlinzi akanifikisha, nikamwambia asante, akaondoka. Nikakaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyangu miguuni. Nikawasikia. Sauti huko inasafiri. Nilimsikia binti anawafukuza watoto wakapige mswaki, kwa Kiswahili, maneno yangu yale yale, sauti yangu ile ile ya zamani, na watoto wanacheka. Basi nikajifunga khanga, nikatoka mlangoni nikamwita mlinzi.

"Umesahau kitu, mama?"

"Ndiyo. Nirudishe."

Tulipofika hema lao taa ilikuwa bado inawaka. Nikabisha hodi kwenye turubai, na turubai halibishiki, nikaita tu. Binti akafungua zipu nusu, akatoa kichwa, ana kitambaa cha kulalia.

"Mama! Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umesikia mnyama?"

"Hapana."

Mlinzi akasogea pembeni akawa anamulika majani. Nilisikia haya, mtu mzima mimi, mwenye wajukuu, nimesimama gizani kama mtoto aliyeota vibaya. Nikajikaza.

"Nataka kulala huku kwenu. Sipendi kulala peke yangu."

Akacheka, kicheko cha upendo tu, cha kunitania. "Mama na wewe! Kwani kule nyumbani huwa unalala na nani?"

Lilishamtoka. Nilimwona linavyomrudia, taratibu, kicheko kinabaki mdomoni na macho yameshaacha kucheka. Akabaki ameishika ile zipu, hajafungua wala hajafunga.

"Hakuna mtu," nikamwambia. "Ndiyo maana nilitaka mje."