Mishale Niliyoichora

Mtoto wa kaka yangu alipogundulika ana saratani ya damu, nilisoma kwenye simu siku tatu, kisha nikawaeleza watu wa nyumbani Utemini kana kwamba nimehitimu. Sijasomea popote. Nilichora baba, mama na mtoto, nikavuta mishale kutoka kwa wazazi, nikasema: "Tatizo liko kwenye jeni."

Shangazi alikuwa anapepeta alizeti. Akaitazama karatasi. "Mshale wa kaka yako ufute. Ukoo wetu hauna ugonjwa huo. Huu umetoka Kintinku."

Kintinku ni kwao shemeji, mke wa kaka. Alikuwa amekaa pale pale, mtoto amemlalia mapajani. Sikumtetea, na naona aibu kuandika kwamba nilifurahi: mchoro wangu ulikuwa umeeleweka.

Jumanne nikagundua nimekosea. Kila seli ya mwili ina maelekezo yale yale, ndiyo hizo jeni. Tofauti ni yapi yamefunguliwa na yapi yamefungwa. Ndani ya uboho, ule ute wa mifupa unaotengeneza damu, seli moja huharibika: maelekezo ya kukomaa yanafungwa, ya kugawanyika yanabaki wazi. Damu inajaa seli changa zisizojua kazi. Mara nyingi hitilafu hiyo hairithiwi kwa mzazi yeyote.

Nilipaswa kusema siku hiyo hiyo. Badala yake nikaanza kuchora upya. Mstari ukipinda, nachana karatasi. Nilijiambia sitaki kukosea tena. Kumbe niliogopa wajue nilikosea mara ya kwanza.

Alhamisi shemeji akapanda basi na mtoto kwenda hospitali ya rufaa. Kaka alikuwa machimboni Sekenke. Shangazi, aliyekuwa ameshafunga mzigo amsindikize, akaufungua. "Ndugu zake wa Kintinku wapo," alisema.

Jumapili nilimpigia shemeji, nikaanza kumsomea maelezo yangu mapya. Akanikatiza.

"Daktari alishaniambia, shemeji. Waambie hao uliowachorea."

Nikamfuata shangazi uani, bila karatasi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, daktari."

"Ile mishale si kweli. Wa Kintinku na wa kwetu, yote." Nilieleza vibaya, nikijirudia.

Akaweka ungo chini. "Umejua lini?"

"Jumanne."

Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Kisha akaingia ndani, nikamsikia akifunga mzigo upya.