Safari Iko Remis

Kazi yangu wakati wa vita ilikuwa kubembeleza mashine. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, mtaa wa Asiatique mjini Bujumbura, juu ya duka la vitenge, na kutoka humo tulipeleka ujumbe kwenye maghala ya dawa ya mikoani kwa kompyuta iliyounganishwa na redio. Ukishaandika, redio ilipiga kelele kama kuku aliyebanwa na mlango, na ujumbe ukifika huko programu iliandika neno moja la Kifaransa: remis. Yaani umekabidhiwa. Usipofika iliandika échec, na sababu yake ikajiandika kwenye faili la makosa, ambalo halikuwa na msomaji ila mimi.

Shida ni kwamba remis ya Bujumbura si remis ya programu. Kwa watu wetu, harusi ikiahirishwa kwa sababu ya risasi, iko remis. Mechi iko remis, mitihani iko remis. Miaka ile karibu kila kitu kilikuwa remis, isipokuwa mazishi. Nilimwomba aliyetuletea programu abadilishe neno hilo, akanicheka.

Tena neno lenyewe lilikuwa na ujanja wake. Lilimaanisha mashine imepokea, halikumaanisha mtu amesoma. Mwenzetu wa redio kule Rumonge alikuwa bingwa wa kuacha ujumbe ulale mpaka kesho yake. Nilimgombeza hewani, mikoa yote ikisikia, maana mimi nikikasirika sijui kunong'ona. "We ukiona message imeingia, fungua palepale! Ao unangojea ikupikie chai?" Wengine walicheka redioni. Yeye alisema, "Sawa, dada fundi," kwa sauti ndogo.

Kaka yangu alikuwa dereva wa lori la ghala hilo la Rumonge. Ndiye aliyenisomesha baada ya baba kufa, na mama, niliyeishi naye Kinanira, alimpenda kuliko sisi wote bila hata kuficha. Asubuhi moja shefu wetu alipeleka ujumbe Rumonge, kichwa chake Départ: lori lije mjini, barabara ni nzuri. Remis, ikaandika mashine. Nikafurahi kama mjinga, kwa sababu kaka angekula kwetu.

Chai haijapoa, milio ikaanza upande wa kusini. Askari wakafunga mtaa, mlinzi wetu akafunga geti, na mtu aliyekuwa akikimbia chini akapiga kelele kwamba barabara ya ziwa, ile ya Rumonge, imekatwa mbele ya Ruziba, magari yanachomwa. Shefu akaandika ujumbe wa pili: Arrêt, lori lisitoke. Échec. Nikarudia. Échec.

Nilifungua faili la makosa. Kila mstari ulisema yaleyale: kituo hakijibu. Nikakagua waya wa antena, nikabadilisha masafa, nikapeleka neno la majaribio Gitega, nalo likawa remis mara moja. Basi ugonjwa haukuwa kwetu. Niliita na kwa sauti, "Rumonge, Rumonge," nikajibiwa na mkwaruzo mtupu. Rumonge ilikuwa imepokea ujumbe wa kwanza, kisha ikanyamaza. Labda umeme wao ulikatika kabla mtu hajasoma. Labda alisoma, akazima mashine, akaenda kumfungulia kaka geti. Faili halikuweza kuniambia ni lipi, na nilitamani kulipiga ngumi.

Ndipo nikajikuta naomba dua ya ajabu: Ee Mola, yule mvivu leo abaki na uvivu wake.

Mhasibu wetu, mama mmoja wa Uvira mwenye moyo mwema, alikuja kuchungulia nyuma ya kiti changu. Akasoma kwenye skrini, akapiga makofi.

"Lakini munalia nini? Angalieni hapa: Départ, remis. Safari iko remis! Kijana hakutoka."

Ofisi nzima ikapumua. Hata shefu, aliyeuandika ujumbe kwa mkono wake mwenyewe, alishika kichwa akacheka. Hofu humfanya mtu asome anachokitaka.

"Apana," nikasema. "Hiyo maana yake message ya kutoka ilifika."

"We nawe! Unaleta mukosi."

Simu ikalia. Alikuwa mama, anapiga kutoka kwa jirani kumuulizia kaka, na mhasibu akaniwahi. "Mama, tulia. Safari ya mutoto iko remis." Nilimnyang'anya simu. Nikamsikia mama akisema alhamdulillahi, alhamdulillahi, kisha laini ikakatika, na kila nilipopiga haikuita.

Nikashuka mpaka getini. Mlinzi akaweka mguu mlangoni. "Dada, rudia juu. Huko inje hakuna mutu anauliza jina." Nikarudi kitini. Mji ulikuwa na milima nyuma na ziwa mbele, na barabara zilifunguliwa na kufungwa kwa amri za watu tusiowajua. Hayo tulikuwa tumeyazoea. Siku ile nilifungiwa ndani ya neno moja, na kila aliyekuwa chumbani alilifurahia isipokuwa mimi. Niliogopa mpaka meno yakaniuma.

Alasiri milio ilipungua. Nikajaribu Arrêt tena, redio ikapiga kelele zake, programu ikaandika remis. Mara ikatoka sauti ya mwenzetu wa Rumonge, changamfu kabisa.

"Dada fundi, munisamehe, jenereta ilikuwa na pane, ilizimika. Naona kuna message mupya."

"Ile ya kwanza uliisoma?"

"Niliisoma palepale! Si mulinigombeza? Mi siku hizi sichelewi tena. Lori ilitoka asubuhi, itakuwa imeshafika kwenu."

Alingoja sifa yake, maskini, na alikuwa anaistahili. "Dada, munanisikia?" akauliza. Shefu akachukua kipaza sauti mkononi mwangu.

Lori lilionekana baadaye kando ya barabara, limeungua, bila mtu ndani. Hatukuzika. Nilimweleza mama maana ya remis polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji, na alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mashine yako haijui," akasema. "Angekuwa amekufa, wangeniletea. Safari ya mwanangu iko remis."

Vita vilipokwisha na watu wakaanza kupita barabara ya ziwa bila woga, aliniomba nimpeleke Rumonge akamchukue kaka. Nilimpeleka. Tulikaa mbele ya lile ghala tangu asubuhi, yeye na bakuli la wali alilolifunga kwa kitambaa, akimtazama kila dereva aliyeshuka. Jua lilipoanza kuinama aliinuka, akakung'uta kitenge chake.

"Twende," akasema. "Iko remis tena."