Minazi Nyuma ya Nyumba ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa mwisho anakaa eda katika kijiji cha mtoni huko Kalimantan, Indonesia, na mimi niko Guangzhou nachagua wanasesere. Kabla eda haijaisha ilimpasa ajue kama yeye na binti zake wawili wana pa kukaa au hawana. Mimi niliyemlea nilisubiri pamoja naye, kwa simu.

Alikuja huku kunisaidia kazi. Wenye maduka wa Dar huniagiza vitu vya kuchanganya, madaftari, penseli, midoli, nami nazunguka mtaa wa maduka wa Yide Lu nakusanya mpaka mzigo utoshe. Siku moja nilimtuma Xintang, mji wa viwanda vya jinzi hapa jirani, akatazame jinzi za mteja. Alirudi na habari za mwanamume wa Kiindonesia aliyekuwa ananunua jinzi za kwenda kuuza kwao, kijiji hadi kijiji, kwa boti.

"Dada, anaswali," akaniambia, kana kwamba hilo ndilo swali langu la kwanza.

Lilikuwa la pili. La kwanza lilikuwa kwao ni wapi.

"Mtoni," akasema. "Kama kwetu tu."

Kwetu ni Rufiji. Wazazi wetu walipofariki, mmoja nyuma ya mwenzake, nilikuwa darasa la sita na nina wadogo watatu. Niliacha shule. Haukupita muda baba mdogo akaja kudai shamba, akisema ardhi ni ya ukoo na sisi ni watoto tu. Watu wazima wa kijiji wakaitwa. Hawakuuliza karatasi, maana haikuwepo. Waliuliza, "Minazi hii kapanda nani?" Jirani mmoja mwanamke akajibu kuwa kapanda mama yetu, na mashimo walichimba pamoja. Baba mdogo akavaa kanzu yake akaenda zake. Kwetu mtu akikuazima shamba utalima muhogo, utalima mpunga, lakini mnazi huweki. Ukiweka mnazi umesema ardhi ni yako, na mwenye ardhi akinyamaza, amekubali. Mdogo wangu alikuwa mapajani mwangu siku hiyo anatafuna muwa. Sikudhani anasikiliza.

Basi akaolewa, akaenda. Kijiji chao nimekiona kwenye simu tu. Nyumba ni za mbao ngumu nyeusi, zimesimama juu ya nguzo, na maji yakijaa hupita chini ya sakafu. Mwenye mboga anakuja na mtumbwi, mwenye gesi anakuja na mtumbwi, hata fundi wa simu anakuja na mtumbwi. Shemeji alijenga nyumba yake mwenyewe, lakini uwanja ni wa mama yake, aliyeupata kwa wazazi wake. Tangu mwanzo shemeji alituambia wazi kwamba mgeni kwao haandikwi mwenye ardhi, hata akizaa, hata akizeeka pale. Mdogo wangu alicheka. Alisema yeye haolewi na ardhi.

Uwanja wenyewe unapungua. Kila mafuriko mto unamega kipande cha mbele, na mara moja shemeji alilazimika kuisogeza nyumba nyuma, mbao kwa mbao, kwa msaada wa majirani. Halafu barabara ikaanza kuchongwa upande wa nchi kavu. Watu wa mjini wakaanza kuja na magari, wanapima kwa macho, wanauliza huku ni kwa nani. Nyuma ya nyumba, palipokuwa pa kutupa vifuu na matairi, ndipo pakawa pa thamani.

Shemeji alipoanza kuugua figo, mdogo wangu akapanda minazi huko nyuma. Aliipanga kwenye mpaka wote, kutoka kona hadi kona, akanionyesha miche yenye majani mawili matatu. "Tazama, dada." Nikatazama, na sikuhitaji kuelezwa. Mama mkwe wake alikuwa anasaidia kuinywesha maji. Bibi wa watu alidhani ni nazi za jikoni.

Shemeji akafa. Matanga hayajapoa, kaka yake akaleta mtu wa mjini kutazama kiwanja cha nyuma. Mdogo wangu akatoka barazani, katika nguo zake za eda, akasema mbele ya mgeni na mbele ya mama mkwe, "Minazi ile ni yangu. Nimeipanda kwa mkono wangu."

Rufiji hilo ni neno la kujikinga, na kila mtu angejua pa kuanzia kuzungumza. Kule halikuwa hivyo. Mwenye uwanja yuko hai, amesimama pale, na mke wa mwanawe anataja chake ni kipi. Walisikia mtu anayegawa mirathi ya mama ambaye bado anapumua. Tangu siku hiyo bibi akawa anapika chungu chake peke yake.

"Nilifanya ulivyotufundisha," mdogo wangu akaniambia.

"Mimi sikukufundisha."

"Nani mwingine basi? Mama simkumbuki."

Nikamwomba nizungumze na shemeji, yule kaka mtu. Alikuwa akija Xintang na marehemu, kwa hiyo lugha tuliyonayo sote wawili ni Kichina, lakini Kichina cha kununulia. Kina bei, rangi, saizi, lini unaleta, punguza. Hakina pole. Hakina mjane wala mirathi.

Akanipigia mchana nikiwa dukani Yide Lu, mwenye duka ananisubiri na kikokotoo mkononi. Kila mwenye biashara huku huitwa laoban, bosi, na shemeji hajui jina jingine la kuniita.

"Laoban, umekula?"

"Nimekula. Mama anaendeleaje?"

"Mama si mzuri. Minazi. Mama hataki."

"Minazi midogo," nikasema. "Mdogo wangu hajui. Mgeni. Mama apunguze kidogo."

Nilitaka kusema apunguze hasira. Neno la hasira sikuwa nalo, likabaki lile la kupunguza bei. Mwenye duka akainua kichwa.

"Anakuuzia nazi?" akaniuliza.

"Hapana, ni ndugu."

"Ndugu ndio wabaya zaidi. Mwambie unakwenda duka la jirani, utaona atakavyoshuka."

Akacheka, na msichana wake anayefunga maboksi akacheka. Nikatoka nje kwenye baraza, kati ya mikokoteni, nikaziba sikio moja.

"Shemeji," nikasema, "watoto wawili. Watoto wa kaka yako. Nyumba?"

"Nyumba ya mdogo wako. Kaka kajenga. Hakuna shida."

"Na mahali?"

"Mahali pa mama. Nyumba yake, nazou."

Nazou ni neno wanalotupia wenye maduka wakishachoka kubishana: haya, chukua uende nalo. Hulisema bila ubaya, na mara nyingi ndilo ninalolisubiri siku nzima. Nilimuuliza aende nayo wapi. Akasema hilo swali zuri, laoban, na kwamba hata yeye hajui. Hakuwa mkali. Nadhani naye alikuwa anatafuta maneno asiyapate.

Kwangu hawawezi kuja. Chumba ninachokaa tunalala wanawake wanne, na kibali changu cha kukaa hakimbebi mtu mwingine. Rufiji shamba lipo, lakini wasichana wale ni wa kule, wanaongea lugha ya kule na wako shule. Na mama yao amekataa kuondoka kabla ya kujua moja. Niliomba ushauri kwa mama mmoja wa Lubumbashi, jirani yangu wa ghorofa ya chini, mjane naye, anayeuza mawigi.

"Ya yangu," akaniambia, ndivyo kwao wanavyomwita dada, "ule mti wake ndio unaomfukuza. Akate."

"Si mti. Ni mche."

"Basi ni kazi ndogo."

Haikuwa ndogo. Nilimpigia mdogo wangu nikamwambia ang'oe, ang'oe mwenyewe kwa mkono ule ule, mama mkwe akiona.

"Dada, ile ya mama ingeng'olewa, sisi tungekuwa wapi?"

"Ile ilikuwa Rufiji."

"Na mimi ni wa wapi?"

Nilirudia tu neno langu, kama nilivyokuwa nikilirudia wakiwa wadogo hawataki kuoga. Ang'oe.

Aling'oa baada ya swala ya alasiri. Binti yake mkubwa alishika simu, nikaona mche mmoja mmoja unatoka na nazi yake chini, ina mizizi myeupe kama nyuzi. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye ngazi. Hakumzuia, hakumsaidia. Mdogo wangu alipomaliza akaiweka yote miguuni pa bibi, akapiga magoti akasema maneno ya kwao ambayo sikuyaelewa. Bibi akamshika bega.

Jibu lilikuja jana, kupitia kwa shemeji, kwa Kichina chetu kile kile. Nyuma pameuzwa. Mbele pamebaki, na mama amekubali nyumba isihamishwe. Mdogo wangu akae mbele, mpaka mbele iishe.

Niliuliza inaisha lini. Akasema inategemea mvua.

Nilimwambia asante, nikamwambia amsalimie mama. Kisha nikampigia mdogo wangu, naye akanieleza jambo lile lile kwa Kiswahili, polepole, kama mimi ndiye mtoto. Alikuwa na furaha. Alisema bibi amekula naye chungu kimoja. Alisema anataka nimtafutie kamba nene za nailoni, zile zinazofungia mizigo melini, afunge nguzo za mbele kwenye mti mkubwa wa jirani kabla maji hayajaanza kupanda.

Leo nimezitafuta. Zipo, ndefu na imara, za buluu. Nimenunua nyingi kuliko alizoniambia, ingawa najua kamba haishiki udongo.