Mlango Mweusi wa Friji

Mama wa usafi anayekuja kwetu kila Jumamosi hagusi friji nyeusi kabla hajazima redio. Tukiifuta sisi, inabaki na michirizi kama imelambwa na ndama. Yeye hana dawa ya ajabu: maji ya uvuguvugu, tone la siki, kitambaa kilichokamuliwa mkono wa kulia na kikavu mkono wa kushoto, cha pili kikimfuata mwenzake kabla unyevu haujakauka wenyewe. Hushuka moja kwa moja, hazungushi mkono hata siku moja. Kisha hutega sikio. "Kitambaa kikilia, pametakata," husema, nami hubaki mdomo wazi jikoni kwangu mwenyewe.

Jumamosi iliyopita alikuwa amefika nusu ya mlango, na mama mkwe wangu ameketi nyuma yake akichambua mchele. Mkono ukasimama ghafla. Hakugeuka, aliendelea kutazama sura ya mama mkwe ndani ya ule weusi.

"Bibi, hebu cheka kidogo."

"Nicheke nini tena, mwanangu?" Mama mkwe akacheka hata hivyo, ila upande mmoja tu wa mdomo ndio uliocheka.

"Dada, gari," mama wa usafi akaniambia, kwa sauti ileile anayoombea ndoo.

Daktari alisema ni kiharusi, ila tumewahi. Jioni, tuliporudi kuchukua nguo za mgonjwa, tulikuta kwenye friji mchirizi mmoja mrefu, umekauka, umeishia katikati, pale mkono uliposimama. Mume wangu, ambaye hajawahi kushika kitambaa tangu tuoane, alinyoosha kiganja aufute. Nikamshika mkono.