Kelele kwenye Hitima ya Mzee Mahamudu

Shemeji yangu Mwamvita huwapima watu kwa sauti. Mteja akifika kwenye meza yake ya vitenge hapa soko la Kasongo, yeye huendelea kukunja vitambaa bila kuinua uso. Anasikiliza tu jinsi bei inavyoulizwa, na kabla swali halijaisha ameshajua kama huyu ananunua au amekuja kupapasa. Sijamwona akikosea hata mara moja, na jambo hilo huniudhi, maana mimi huenda pale kupapasa.

Hata kaka yangu Baraka alipokuja kumposa, binti huyu alikaa nyuma ya pazia akasema mposaji aongee chochote, hata kama ni kuhesabu magunia. Kaka yangu ana sauti nene, ya kutetemesha vikombe, na zaidi ya hiyo, nasema mimi niliyenyonya naye ziwa moja, hana cha kutajika. Alihesabu magunia, mke akapatikana.

Chanzo cha yote hayo ni baba yake. Mzee Mahamudu alikuwa fundi cherehani, akafariki Mwamvita hajafika hata umri wa kwenda chuo cha Kurani. Binti anakumbuka magoti ya baba, anakumbuka harufu ya mafuta ya mashine. Sauti, hapana; hudhani tu kwamba ilikuwa nene. Kaka yake mkubwa, Sumaili, anaikumbuka. Shangazi Rehema anaikumbuka. Yeye aliyelala mapajani haikumbuki, na likamkaa moyoni tangu utoto: amsikie baba yake, hata mara moja tu.

Na sauti ilikuwako, au ndivyo tulivyoamini. Zamani zile mtu wa Kasongo mwenye ndugu Bujumbura au Kigoma hakuhangaika na kalamu. Alisema maneno yake ndani ya kaseti, akampa msafiri. Mzee Mahamudu alimrekodia kaseti ndugu yake wa Kigoma, lakini kabla msafiri hajapatikana ugonjwa ukamlaza. Alimwonyesha mkewe kaseti, akasema, "Nimesema humu." Hakuinuka tena. Matanga yalipokwisha wakaitia kwenye redio, ikatoka kelele kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria huku panya analia ndani yake.

Sumaili alipokua ndiye aliyetoa hukumu, na Sumaili akishatoa hukumu hata mvua hutii. Alisema unyevu umeiharibu kaseti, lakini baba yumo, chini ya kelele. Tena kaseti huisha kwa kusikilizwa, kila mtu anajua, kwa hiyo ya baba itachezwa mara moja kwa mwaka, siku ya hitima, kidogo tu, kama asali ya mgonjwa. Atakayebonyeza ni yeye, atakayezima ni yeye. Kisha irudishwe nyuma taratibu kwa kalamu ya Biki, ifungwe kitambaa, irudi kwenye sanduku la Mwamvita.

Basi kila mwaka, Kurani ikishasomwa na pilau haijaletwa, sisi watu wazima tuliinamisha vichwa kusikiliza ukoko ukikwanguliwa. Sumaili alisikia Bismillahi. Shangazi Rehema alimsikia ndugu yake akiomba chai, tena yenye tangawizi. Mimi nilisikia kichwa kikianza kuuma, lakini harufu ya pilau ilikuwa imeshafika, nikainama kama wenzangu. Mwamvita alisogeza sikio karibu na redio mpaka hereni ikagusa, hakusikia kitu, akainuka na macho mekundu kwenda kupakua wali kwa hasira. Mwaka uliofuata alisogea tena.

Mwaka huu tulimwalika Iliasi, kwa kuwa amehamia nyumba ya jirani. Iliasi ana kibanda chenye paneli za jua, anachaji simu za watu na kuwapa nyimbo. Ni kijana mtulivu, mwenye mke na watoto, ila ana wazimu wake mmoja: anakusanya michezo ya kompyuta za zamani za Kijapani, zile ambazo watu wa huko waliziweka sebuleni yeye akiwa hajazaliwa. Rafiki yake wa Goma alimjazia kadi nzima. Nilimuuliza kwa nini asitafute michezo ya kisasa, akaniambia mchezo mmoja wa kisasa unakula mega za mwezi mzima, na hii ya zamani kila mmoja una uzito mdogo kuliko picha ya harusi. Kompyuta zenyewe zimekufa, lakini ana programu kwenye kompyuta yake ya kukunja inayoziiga, kama Shangazi Rehema anavyoiga kikohozi cha imamu, hata uape ni mwenyewe. Maandishi yote ni ya Kijapani na Iliasi hasomi hata moja. Anasema anaelewa kwa kufakufa ndani ya mchezo.

Sumaili akabonyeza. Kelele ikatoka. Vichwa vikainama, kimoja kikainuka.

"Mzee," Iliasi akasema, kwa adabu kabisa, "hii haiko mutu. Hii iko mchezo."

Vichwa vyote vikainuka, vikamgeukia.

"Iko mchezo ya ordinatere, ile kompyuta ya zamani ya Wajaponi. Zamani walikuwa wanaitiaga mu kaseti. Siye tunasikia kelele, lakini ile ordinatere inasikiliza, inaelewa. Hata programu yangu inaliaga vile vile wakati inafungua mchezo."

Sumaili alizima redio. "Weye umekuja kula pilau, ama umekuja kutukana baba yangu mu nyumba yake?"

Iliasi alitolewa nje sinia likiwa linapita mlangoni. Nimeishi Kasongo miaka yangu yote na sijaona adhabu kali kama ile.

Kesho yake asubuhi Mwamvita alikuja kwangu. Hakukaa.

"Shemeji, kama Iliasi anasema kweli, basi maisha yangu yote nimelilia mchezo. Baba hayuko mule."

"Na kama anasema uongo?"

"Basi nijue. Nimechoka kulia bila kujua mi nalilia nini."

Nilimwambia aache, kwamba usilolijua halikuumizi. Ni methali niliyoitunga papo hapo kwa woga wa Sumaili, naye akaisikia kwenye sauti yangu. Tukaenda kwa Shangazi Rehema kumuuliza: je, Mjapani amewahi kukanyaga Kasongo?

"Mujaponi wa samaki?" shangazi akasema, kana kwamba tumemuuliza kama mto Lualaba una maji. "Si alilala mu nyumba yetu ya nyuma?"

Kumbe mtu huyo aliletwa na kazi ya kuchunguza samaki. Alikuwa akimtoa samaki mtoni, anampima kwa rula, anaandika, kisha anamrudisha majini mzima mzima. Watu walisimama kandokando ya maji kulia kwa uchungu. Jioni aliwasha jenereta, akaunganisha kompyuta yake, iliyofanana na kinanda cha vibonye, na televisheni, akacheza na vinyama vya kiooni. Watoto wote walijaa dirishani, na wa kwanza dirishani, akasema shangazi, alikuwa Sumaili.

Mwamvita alimfuata kaka yake kuomba ruhusa ya kuicheza kaseti yote mpaka mwisho. Sumaili alimjibu kwa methali, kama kawaida yake anapokosa hoja: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ukiicheza yote, baba ataisha."

"Baba aliisha zamani, yaya, kaka yangu. Mi nataka kujua alibakisha nini."

"Nimekataa."

Lakini sanduku ni la Mwamvita, na ufunguo unalala kifuani kwake. Ijumaa iliyofuata, watu wakiwa msikitini, alikwenda kwenye kibanda cha Iliasi na kaseti ndani ya kitambaa chake. Redio niliibeba mimi. Shemeji ni punda, na msikiti ulinikosa siku hiyo.

Iliasi hakuwa na kinyongo, au njaa ya ile pilau ilikuwa imeshamtoka. Alifungua redio, akapangusa ndani kwa pamba iliyochovywa kwenye manukato ya Mwamvita, yale ya bei ya kwenda harusini. Akatoa waya kwenye redio akauchomeka kwenye kompyuta, akabonyeza. Kelele ikaanza, na kwenye kioo ukaonekana mstari ukitikisika. Kwa mara ya kwanza tangu baba afe, hakuna aliyeikatiza. Tulifika pale ambapo Sumaili huzima, tukapapita. Kelele ikaendelea mpaka meno yakaniuma, kisha ikakatika ghafula. Ukabaki mvumo mtupu.

"Sasa tumupe ile ya ndani aisikilize," Iliasi akasema, akimaanisha kompyuta ya kuigiza iliyo ndani ya kompyuta yake. Akabofya hapa na pale. Redio iliendelea kuzungusha kaseti pembeni, hakuna aliyeishughulikia.

Kioo kikawa buluu. Yakatoka maandishi kama vijiti vilivyomwagika. Kikalia kijiwimbo chepesi, na akatokea mnyama mnene wa kahawia aliyevaa kofia, amebeba chungu kichwani, amesimama kwenye ngazi akipepesa macho.

Mwamvita alikaa juu ya gunia. "Basi," akasema. "Iko mchezo."

Nilimhurumia kiasi cha kushindwa kumtazama. Mwanamke huyu hupeleka vitenge mpaka Salamabila nyuma ya pikipiki, hupatana bei na wachimba dhahabu wenye visu viunoni, na sijawahi kumwona amekosa neno. Alikaa na kitambaa kitupu mikononi.

Hapo pikipiki ikafunga breki mlangoni, Sumaili akashuka na kanzu yake ya Ijumaa. Shangazi Rehema, aliyetuona tukipita na redio, alikuwa ameshamwambia, maana neno kwa shangazi ni maji kwenye kikapu. Aliingia na kidole kimeshainuliwa tayari.

"Mwamvita, weye na huyu mwizi wa..." Akaona kioo. Kidole kikabaki hewani. Akasogea.

"Ataanguka mu kisima," akasema polepole.

"Nani, mzee?"

"Huyu. Mbele iko kisima, hakionekani. Lazima aruke kabla ya kukiona. Si vile. Toka."

Akamsukuma Iliasi, akakaa, kanzu ikakunjamana magotini. Vidole vile vinavyohesabu tasbihi vikaanza kugonga vibonye, na yule mnyama akaruka kisima, akapanda ngazi, akamkwepa bundi. "Miye nilimalizaga hii yote," Sumaili alisema bila kutugeukia. "Mujaponi mwenyewe alishindwa. Alinipaga bombo, ile pipi tamu." Ulimi ulikuwa umemtoka pembeni ya mdomo. Tulijazana nyuma yake, hata mwenye pikipiki akaacha kudai nauli, na mimi nikajikuta napiga kelele, "Ruka, mzee, ruka." Redio ikaendelea kuvuma. Mtu pekee aliyeruhusiwa kuizima alikuwa na kazi kwenye mikono yote miwili.

Ndipo redio ikakohoa.

"Bismillahi," ikasema. "Ndugu yangu, salamu. Usinikasirikie juu ya ile kelele ya mwanzo. Ni huyu mutoto wangu Sumaili. Amemupa Mujaponi kaseti yangu atie mule mchezo, amefuta maneno yote nilikuwa nimekuambia. Nimemuchapa. Sasa nimesogeza mbali, nimeanza tena huku, kusudi asinifikie. Kama unanisikia, basi umevumilia ile kelele. Nilijua utavumilia. Weye hauna haraka."

Kwenye kioo mnyama alitumbukia kisimani, kijiwimbo cha kifo kikalia. Hakuna aliyemtazama. Tulikuwa tunamtazama Sumaili.

"Sikumbuki kuchapwa kwa ile," akasema kwa sauti ndogo. "Nilichapwaga kwa mambo mingi."

Na sauti ile, niseme ukweli, haikuwa nene. Ilikuwa nyembamba, ya puani, ya fundi aliyebana pini midomoni. Kaka yangu Baraka alipata mke kwa kufananishwa na mtu ambaye hakufanana naye hata kidogo. Mwamvita alikuwa amesimama mkono mdomoni, machozi yakimchuruzika na mabega yakitikisika, na nilichelewa kutambua kwamba anacheka pia.

"Hapa niko na mudogo mu magoti," redio ikaendelea. "Anataka kukamata mashini. Mwamvita, acha."

Kikasikika kishindo, kama kitu kimegongwa na mkono mdogo.

"Mwamvita."

Mvumo tu.

"Mwamvita, si ninakuita?"

Kwetu mtoto akiitwa na mzazi haachi jina lidondoke chini. Mwamvita alitoa mkono mdomoni. Mwanamke wa sokoni, mwenye wajukuu wawili, alipiga goti kwenye vumbi la kibanda mbele ya redio.

"Labeka, baba," akasema.

Redio ikacheka, kicheko chembamba cha puani. "Haya. Salimia baba mukubwa." Kisha utepe ukafika mwisho na kibonye kikaruka chenyewe.

Sumaili alinyoosha mkono kuichukua kaseti, pengine kwa mazoea. Mwamvita alikuwa ameshaichukua. Alitafuta kalamu kwenye meza ya Iliasi, akaanza kuirudisha nyuma, taratibu, akihesabu mizunguko kwa midomo ili asirudi mpaka kwenye kelele.

"Itaisha," Sumaili akasema.

"Iishe," akajibu, akaitia tena kwenye redio, akabaki pale pale magotini akingoja kuitwa.