Moshi wa bluu kila nikiwasha gari asubuhi: niliambiwa nitafute injini nyingine, nikakataa

Salaam wakuu.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Ifakara, siongezi chumvi.

Nina kagari kadogo ka petroli, ka siku nyingi. Kalianza kutoa moshi wa bluu kila nikiwasha asubuhi. Dakika mbili tatu unaisha, safari inaendelea.

Tatizo ni mama. Naishi naye, ana pumu, na dirisha lake linatazama ninapopaki. Moshi ukiingia tu, kifua kinabana. Na gari hilohilo ndilo linampeleka hospitali.

Ikabidi kila asubuhi nilisukume hadi barabarani ndipo niwashe. Na matope ya masika hii, wanaoijua Ifakara wanaelewa.

Fundi wa kwanza akasema ring za piston, zile pete za kuzuia oili, zimekwisha, tafuta injini nyingine. Sikukubali. Mbona moshi unaisha wenyewe?

Nikaulizia mpaka nikaelekezwa Kidatu, kwa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa akitengeneza malori ya miwa. Nikamwamkia, nikamweleza.

"Ukipanda kilima linatoa moshi?" akauliza.

"Hapana mzee. Asubuhi tu."

"Basi hizo ni sili za valvu, vile vimpira vya kuzuia oili. Zimekauka. Gari likilala, oili inachuruzikia kwenye silinda. Injini nzima ya nini?"

Wakuu, hata cylinder head, kile kichwa cha juu cha injini, hakuishusha. Alitoa plagi, akaingiza kamba ya pamba ndani ya silinda, akazungusha injini kwa mkono hadi piston ikaibana ile kamba juu, valvu zisidondoke. Akabadilisha sili moja moja. Kazi ya kutwa.

Kesho yake nawasha: moshi.

Nikazima. Mama akasema, "Mwanangu, liuze tu."

"Bado, mama."

Nikarudi Kidatu. Mzee hakubisha. Akafungua, akakuta sili moja imekaa upande. "Hili kosa langu," akasema, akaweka nyingine.

Siku mbili za mwanzo nilisukuma bado, sikuamini. Ya tatu nikawashia uani. Hakuna kitu. Sasa ni mwezi wa pili tangu siku hiyo, na mama analala dirisha wazi.

Nilichojifunza: kabla hujakubali injini ife, chunguza moshi unatoka saa ngapi na unaisha lini. Halafu usikate tamaa jaribio la kwanza likigoma.

Waliowahi kubadilisha hizi sili, zenu zimedumu muda gani? Na kama kuna nilipokosea, nirekebisheni.