Kopo Chini ya Mkorosho wa Mama

Nilianza kupanda vilima nikiwa mtu mzima, nimeshazaa na nimeshafiwa na mume, na sikumwomba mtu ruhusa. Naliweka hilo mbele kwa sababu kila aliyenisema baadaye alianzia hapo hapo: nani kamruhusu?

Chanzo ni mpangaji. Wakati huo nilikuwa nauza mitumba sokoni Masasi. Biashara ilikuwa imeshaachiwa huru, kila mwenye meza na ulimi alikuwa mfanyabiashara, na nyumbani kwangu Mkomaindo nilikuwa na chumba cha kupangisha. Akaja mwalimu wa kujitolea, Mzungu, miguu mirefu. Jumamosi alichukua kidude chenye ukubwa wa redio ndogo, akapotelea kwenye vilima vya mawe nyuma ya mji, na jioni alirudi amechanwa na miiba huku anachekelea.

Nilimbana anieleze. Akasema duniani kuna watu wanaoficha makopo porini, kisha wanatangaza kwenye intaneti tarakimu za mahali walipoyaficha. Mwingine anaziingiza kwenye kidude, kidude kinasikilizana na setilaiti, na mshale unampeleka hadi karibu. Kutoka hapo ni macho yake. Akilipata kopo anaandika jina kwenye karatasi iliyomo, na akipenda kitu kilichomo anakichukua, mradi aweke kingine.

"Sasa faida yake nini?" nilimwuliza.

"Hakuna," alisema, akacheka.

Jibu hilo lilinishika. Tangu utoto wangu sikuwahi kuingia porini bila kutumwa: kuni, maji, ming'oko, mizizi ya porini tunayochimba wakati wa njaa. Mwanamume akizurura wanasema anapunga upepo. Mwanamke akizurura anaulizwa amefuata nini huko, na jibu lake haliaminiwi.

Mkataba wake ulipokwisha aliniachia kidude, akaniomba niwe naliangalia kopo alilolificha juu ya kilima. Nilipanda peke yangu Jumapili baada ya ibada, kanga nimeifunga kiunoni juu ya suruali ya mtumba. Nilitafuta mpaka jua likaanza kushuka. Nilipoingiza mkono kwenye ufa wa jiwe na vidole vikagusa bati, nilipiga kigelegele mwenyewe, bila harusi wala mtoto. Toka siku hiyo nikawa mtu wa vilima, na wateja wangu wakawa na la kuongea.

Mwaka uliofuata nikataka kuficha la kwangu. Mahali nilipajua bila kufikiri: shamba la marehemu mama huko Mkunya, juu uwandani Newala, chini ya mkorosho wake mkongwe. Mama alikuwa akikaa pale kupumzika, na ardhi inapoanza kuteremka mtu anaona mbali. Nilitaka mgeni yeyote duniani apaone. Ndani ya kopo la maziwa ya unga nikatia filimbi ya plastiki, vifungo vya koti na kigari cha kuchezea. Kifuniko kilikuwa kinalegea, nikakifunga kwa kipande cha kitambaa nilichokuwa nacho kwenye mkoba. Kilikuwa chekundu.

Mtu wa huko akisoma hapa ameshashika kichwa. Kopo kwenye shina la mkorosho, kitambaa chekundu, msimu wa korosho: hilo kwa kila jicho la Mkunya ni kago, dawa ya shamba, ukiigusa unavimba au unapotewa na akili. Na mimi nisemeje? Ningekuwa na kitambaa cha bluu ningefungia cha bluu.

Wiki haikuisha nikaitwa. Kwetu ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo anayeita ni mjomba. Nilimkuta barazani kwake na wazee wengine wa ukoo. Nikawaamkia, shikamooni, wakaitikia kwa sauti ya chini. Waokotaji wa korosho walikuwa wamegoma kuingia shambani mwa mama. Watoto walionisalimia njiani walikuwa wanatamka shikamoo huku wameshaanza kukimbia.

"Mpwa wangu," mjomba alisema, "hicho kidude ukilete hapa tukichome. Halafu uape mbele yetu kwamba umeacha kutembea tembea maporini."

"Nimekosa nini, mjomba?"

"Watu wanasema wewe ni mchawi."

Niliumia. Mama yangu amezikwa pale pale kijijini, na mwanawe anaitwa mchawi kwa ajili ya filimbi. Lakini hasira ilitangulia machozi, na namshukuru Mungu kwa hilo. Nikasimama nikawaambia twendeni tukalifungue.

Wakaja, lakini walisimama mbali, kwenye njia. Nilifungua kopo, nikainua kigari juu, nikapuliza filimbi. Nilijua nimewashinda. Mjomba akatikisa kichwa.

"Wewe ndiye mwenye dawa. Itakudhuruje?"

"Basi tia mkono wewe."

Hakutia. Hakuna aliyetia. Niliwazungukia mmoja mmoja na kopo mkononi, na watu wazima wale, wengine walionipakata nikiwa mchanga, walirudi nyuma.

"Sichomi kitu," nikasema. "Siapi. Na Jumapili ijayo nitatembea."

Nikalifunga kopo na kitambaa kile kile chekundu, kwa makusudi sasa, nikalirudisha shinani. Msimu ule niliokota korosho za mama peke yangu. Kila mwisho wa wiki nilipanda basi kwenda Newala, nikalala kwenye kibanda cha shamba, nikainama toka alfajiri mpaka mgongo ukagoma. Hakuna aliyekuja hata kunipa maji. Nikipumzika nilikuwa natembea na kidude changu mkononi, wazi wazi, katikati ya njia.

Jambo moja lilikuwa geni. Miaka ile wanunuzi wa kangomba, wanaopima korosho kwa vikopo bila kuuliza zimetoka wapi, walikuwa wamejaa kila kichochoro, na mashamba yote yaliibiwa. La kwetu halikuguswa. Nilikuta korosho zimelala kama zilivyoanguka.

Mjomba akanifuata Masasi. Alisimama kwenye meza yangu ya mitumba, akageuzageuza shati ambalo hakulitaka, akangoja mteja aondoke.

"Wezi wananimaliza, mwanangu," akanong'ona. "Niwekee na mimi kopo."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaacha kucheka, maana niliona hakuwa na haya hata kidogo.

"Nitakupa," nikasema. "Njoo kwanza utie mkono kwenye lile la kwanza, mbele ya watu."

"Ukiwaonyesha halina kitu, wezi watalala shambani kwako. Nyamaza tu, ule matunda yako. Kuogopwa kuna ubaya gani?"

Nikiri kwamba nilisita, maana yalikuwa maneno ya mtu mwenye akili. Ningenyamaza, korosho zingekuwa salama mpaka nizeeke, na watoto wangekuwa wananikimbia mpaka nizikwe. Nilimwambia shati hilo ni saizi yake, alinunue au aliache.

Mwisho wa wiki hiyo nilikata kitambaa chekundu nikakitupa. Kopo nikalitundika wazi, bila kifuniko, kwenye tawi linaloingia njiani, mahali ambapo hata mlevi wa uraka, pombe ya mabibo, angeligonga kwa paji la uso. Nikaenda hadi sokoni Mkunya nikawaambia kwa sauti vilivyomo ndani, kimoja kimoja, na kwamba anayetaka achukue. Mama mmoja alimvuta mwanawe nyuma ya kanga yake. Nikapanda basi nikarudi Masasi nikiwa na uchungu.

Niliporudi shambani Jumamosi iliyofuata, chini ya mikorosho kulikuwa kweupe. Mabibo matupu yametupwa kila upande, yameshaanza kuchacha, korosho zake zimenyofolewa zote. Walikuwa wameniibia kama wanavyomwibia mtu yeyote.

Nilikimbilia kwenye kopo. Kigari kilikuwemo, vifungo vilikuwemo. Filimbi haikuwemo, na badala yake hakikuwekwa kitu. Mwizi yule sheria za mchezo hakuzijua, lakini mkono wake alikuwa ameutia mle ndani mpaka chini. Nikapiga kigelegele, peke yangu, katikati ya shamba lililoibiwa.